Kuomba Kura Mara ya Pili



Mwezi wa kumi na moja 2023, mji wetu wa Uvira ulijaa picha. Tangu kampeni ilipofunguliwa tarehe 19 ya mwezi huo, kila ukuta na kila mti ulikuwa na uso wa mtu aliyeomba kura ya tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili. Wengine walikuwa wapya. Wengine walikuwa wamekwisha kukaa Kinshasa ama Bukavu miaka mitano, nao walikuwa wanarudi kutuomba tuwarudishe. Mimi sitaandika juu ya kura hiyo. Nataka kuwaeleza kura ndogo sana, iliyofanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo katika chumba cha darasa la tano, kwenye shule ya msingi walipokuwa wakisoma watoto wangu wawili. Hapakuwa na fulana za bure wala chumvi ya kugawa. Palikuwa na ndoo mbili, sahani ya maharagwe na sahani ya mahindi. Nami nilikuwa kati ya waliosimama mbele ya wazazi, tena kwa mara ya pili.

Kuomba kura mara ya kwanza si kazi ngumu. Watu hawajakujua, unaahidi, wanapiga makofi, unakaa. Mara ya pili ndipo kuna kazi, kwa sababu mbele yako wameketi watu uliowatendea mambo. Wengine uliwatendea mema. Wengine uliwaumiza bila kujua, ama ulijua ukajifanya hujui. Hilo la mwisho ndilo langu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Nilisoma ISP, nikapata diploma yangu, na mwaka 2023 nilikuwa na miaka kumi na miwili mbele ya ubao. Nilidhani mambo ya shule nayajua yote. Kumbe niliyajua kwa upande wa mwalimu tu. Upande wa mzazi nilianza kuujua mwaka 2021, mtoto wangu wa pili alipoingia darasa la kwanza. Siku ile nilimsindikiza mpaka mlangoni, na kwa mazoea ya kazi nikahesabu vichwa. Watoto 104, mwalimu mmoja, mabenchi 18. Wengine walikuwa wameketi chini, juu ya viatu vyao.

Mnajua hali hiyo ilivyokuja. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Miaka mingi neno hilo lilibaki kwenye karatasi. Tangu miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulipokuwa hautoshi hata kwa unga, ni sisi wazazi tulioubeba kwa pesa ya prime, na asiyekuwa nayo mtoto wake alifukuzwa. Mwezi wa tisa 2019 serikali ilitangaza kwamba sasa elimu ya msingi itakuwa bure kweli. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani waliingia shuleni kwa wingi. Mimi nilifurahi, na mpaka leo nafurahi. Ila mabenchi hayakuongezeka na vyumba havikuongezeka. Walimu wale tunaowaita N.U., ambao majina yao hayajafika kwenye orodha ya mshahara wa serikali, waliendelea kufundisha bila malipo.

Shuleni kwetu kulikuwa na shida nyingine. Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa nne 2020, shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya corona, kwa hiyo watoto hawakuwa pale, Mungu asifiwe. Lakini maji yalichukua vyoo. Shule zilipofunguliwa tena, watoto wote wakawa wanatumia mashimo mawili yaliyozungushiwa shitingi. Upepo wa ziwa ukivuma, shitingi inainuka. Wasichana wa darasa la tano na la sita, wakifika siku zao, walikuwa wanabaki nyumbani. Mama mmoja aliniambia binti yake anapoteza siku nne kila mwezi. Kama mwalimu wa hesabu nilipiga hesabu haraka, nikaona ni zaidi ya mwezi mzima katika mwaka wa masomo.

Basi wazazi walipoitwa mwezi wa kumi 2021 kuchagua kamati mpya, nilikwenda. Kwa wale ambao hawajaingia katika mambo haya, nieleze kidogo. Kamati ya wazazi, tunayoiita COPA, ndiyo mdomo wa wazazi shuleni. Wajumbe wake huchaguliwa na wazazi wenyewe katika mkutano. Kutoka humo, wengine huketi pamoja na mkurugenzi na walimu katika kamati ya uongozi, inayoitwa COGES, inayoangalia pesa na kazi za shule. Hata shule zilizo chini ya makanisa kwa mkataba na serikali ni shule za umma, nazo zinafuata utaratibu huo huo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni kazi ya wababa. Lakini siku ile wajumbe sita kati ya saba walikuwa wababa, na mimi niliwekwa mweka hazina kwa sauti moja. Mtu mmoja alipaza sauti: “Mwalimu wa hesabu hawezi kupotea katika pesa!” Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mwezi wa kwanza 2022 mkutano wa wazazi ulikubali tujenge vyoo vinne, viwili vya wasichana na viwili vya wavulana. Tulikubaliana mambo mawili. Jambo la kwanza, kila jamaa itoe franka 2.000, si kila mtoto, ni kila jamaa. Jambo la pili, pesa hiyo ni ya hiari, anayeweza atoe, na asiyeweza alete mawe ama mchanga toka mtoni. Maneno hayo yaliandikwa na karani, nasi tukayatia sahihi. Hakuna mtoto angefukuzwa. Ndivyo tulivyosema.

Nilinunua daftari jipya, nikachora mistari vizuri kwa rula. Upande wa kushoto majina ya jamaa 380. Upande wa kulia safu mbili: “amelipa”, “hajalipa”. Kila jioni nilikaa na daftari lile kama mtu anayekaa na mtoto mchanga. Pesa haikupotea hata franka moja. Mwezi wa tano nilifunga hesabu. Jamaa 263 walikuwa wametoa 2.000 yote, yaani franka 526.000. Kulikuwa pia na franka 45.000 zilizoletwa kidogo kidogo, 1.000 kwa 1.000, na watu ambao hawakuweza yote. Hizo niliziandika kwa mstari mmoja chini ya ukurasa: “michango midogo midogo, 45.000”. Jumla 571.000. Hesabu ilikuwa sawasawa kabisa. Ninaomba mkumbuke mstari huo mmoja.

Wiki hiyo hiyo mkurugenzi aliniomba orodha ya wasiolipa. Alisema anataka tu kuwakumbusha wazazi, kwa maana fundi alikuwa anasubiri. Mimi nilikaa jioni moja nikanakili majina 117 kwa mwandiko mzuri, nikampa. Sikuuliza neno. Kwangu orodha ilikuwa sehemu ya hesabu.

Jumatatu asubuhi, mimi nikiwa shuleni kwangu nafundisha, orodha yangu ilisomwa mbele ya bendera. Watoto zaidi ya mia moja walirudishwa nyumbani. Mimi niliyajua hayo Jumanne jioni, tena kwa mdomo wa binti yangu, tukila. Alisema: “Mama, karatasi waliyosoma ilikuwa na mwandiko wako.” Ugali ulinikwama kooni.

Siku iliyofuata nilikwenda pamoja na prezida wa kamati kumwona mkurugenzi. Tulimwonyesha sahihi zetu na kifungu cha katiba. Alikasirika, akasema sisi hatujui mzigo anaoubeba, na kwa sehemu alisema kweli, maana pesa ya uendeshaji wa shule ilikuwa haijafika kwa miezi mingi. Mwishoni alikubali. Alhamisi watoto waliambiwa warudi. Nikasema moyoni, jambo limekwisha.

Vyoo vilijengwa. Wababa walichimba, wamama tulibeba mchanga vichwani toka Mulongwe, na mzazi mmoja alitoa mabati. Siku ya kuvifungua tuliimba. Wasichana wa darasa la sita walisukumana ili kila mmoja awe wa kwanza kufunga mlango wenye komeo. Picha ya siku ile ninayo mpaka sasa. Kila nilipotaka kujisifu nilikuwa naitazama.

Mwaka 2023, muda wa kamati ulipokwisha, wamama wa mtaa wetu walinisukuma nisimame tena. Nami nilitaka, kwa maana kuna kazi ya mabenchi haijafanyika. Safari hii nilikuwa na mshindani, baba mmoja mfanyabiashara, mtu mwenye sauti nzuri, aliyekuwa akisema kwamba mwanamke anayefundisha mchana kutwa hawezi kupata nafasi ya kufuata mambo ya shule nyingine. Rafiki zangu walinipa shauri: “Wewe waonyeshe vyoo tu. Kaa kimya juu ya mambo ya kufukuzwa. Watu wamekwisha kusahau.”

Siku tano kabla ya mkutano, usiku, nilifungua lile daftari kuandaa hesabu ya kusoma. Nilipofika kwenye majina 117 niliona kwamba sijui jambo moja dogo. Niliambiwa watoto wamerudi, lakini sikuhakikisha kwamba wote walirudi. Mwalimu hupita jina kwa jina kila asubuhi, aliyepo na asiyekuwepo. Mimi, kwa watoto wa orodha yangu mwenyewe, sikupita hata mara moja. Asubuhi nilimwuliza binti yangu juu ya majina machache niliyoyajua. Alijibu haraka: huyu yuko, huyu alihamia Baraka, huyu yuko. Nikataja mtoto mmoja, ambaye hapa nitamwita Riziki ijapokuwa si jina lake. Binti yangu akasema: “Riziki hasomi, mama. Toka siku ile. Anaanika ndagala na mama yake kule Kalundu.”

Mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nikipita Kalundu kila wiki kununua ndagala.

Ijumaa jioni nilikwenda. Mama Riziki alikuwa akikusanya ndagala toka juu ya mchanga kabla ya giza, naye Riziki alikuwa ameshika gunia. Nilisalimia. Mama hakuacha kazi yake. Alisema bila kuniangalia: “Karibu, Mwalimu. Hata huku kwenye harufu umekuja kuomba kura?”

Nilimwambia sikuja kwa kura. Nilisema nimesikia kwamba Riziki hakurudi shuleni, nami ndiye niliyeandika ile orodha.

Ndipo aliposimama wima. “Basi nikuulize, Mwalimu, wewe unayejua hesabu. Mimi nilitoa 1.000. Nilikupa wewe mwenyewe mkononi, siku ya mkutano, karibu na mlango. Na mchanga nilileta, ndoo sita. Kwa nini uliandika kwamba sikulipa?”

Wamama, sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa ule mstari mmoja. Elfu moja yake ilikuwa ndani ya zile 45.000. Pesa yake niliipokea, nikaihesabu, nikanunulia simenti. Jina lake nililiacha upande wa “hajalipa”. Watu 45 niliwafanya hivyo. Hakuna aliyekula pesa, hesabu ilifunga sawasawa, na maskini aliyejitahidi kutoa nusu alihesabiwa sawa na yule aliyekataa kabisa.

Alinieleza mengine kwa sauti ya chini. Siku ile Riziki alirudi nyumbani analia kwa sababu wenzake walimwambia mama yake ni mdanganyifu. Mama alisikia aibu kurudi kule. Aliposikia watoto wameitwa tena, Riziki mwenyewe alikataa. Kisha msimu wa samaki ulikuwa mzuri, mikono ilihitajika, na siku zikaenda. Mtoto wake mdogo anaendelea na masomo. “Huyu mkubwa,” alisema, “nilimwacha. Nilifikiri ninyi mnaojua karatasi ndio mliosema si wa shule.”

Nilimwomba msamaha. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alinifungia ndagala za 2.000 niliyotaka kununua, akanirudishia pesa iliyobaki sawasawa, akasema usiku mwema.

Nyumbani nilimwambia baba watoto kwamba nitajiondoa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Ukijiondoa bila kusema sababu, watasema umechoka. Mama yule atabaki na aibu yake. Nenda useme. Kisha wao waamue.”

Jumamosi chumba kilijaa mpaka madirishani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, viatu vyote vilikuwa na matope. Nilipoitwa kusoma hesabu, nilisoma kwa Kiswahili. Miaka miwili nilikuwa nikisoma kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya karatasi za shule, na wamama wengi walikuwa wakipiga makofi bila kusikia kitu. Nilisema: zimeingia franka 571.000. Simenti 260.000. Mbao na misumari 96.000. Milango minne 80.000. Fundi 120.000. Zimetoka 556.000, zimebaki 15.000, hizi hapa. Nikaziweka juu ya meza, nikaomba mama mmoja wa mbele azihesabu kwa sauti.

Kisha nikasema: “Hesabu ya pesa imekwisha. Iko hesabu nyingine.” Nikawaeleza orodha. Nikawaambia majina 117 yaliandikwa na mkono wangu, kwamba 45 kati yao walikuwa wametoa nusu nami sikuwaandika, kwamba tulikuwa tumekubaliana kwa sahihi hakuna mtoto atakayefukuzwa, nami nikatoa karatasi iliyowafukuza bila kuuliza itafanya nini. Nikasema kuna mtoto ambaye hakurudi mpaka leo. Jina sikulitaja.

Chumba kilinyamaza, halafu kikachemka. Baba mmoja alisema kwa hasira kwamba mtu kama huyo asiombe kura hata kidogo. Mama mwingine alisimama, akasema: “Na mimi nilitoa 1.000. Mwanangu alifukuzwa siku tatu. Nilidhani nimekosa mimi.” Akasimama mwingine, na mwingine. Mkurugenzi aliomba neno, akasema alichofanya alifanya kwa ajili ya vyoo. Mzee mmoja alimjibu kwa upole kwamba vyoo vinajengwa kwa ajili ya watoto, na mtoto aliyefukuzwa hawezi kuvitumia.

Mshindani wangu alizungumza vizuri. Aliahidi mabenchi. Mimi nilipopewa nafasi sikuahidi mabenchi. Nilisema nikirudi, nitafanya mambo matatu: kila anayetoa, hata franka 500, hata ndoo ya mchanga, jina lake litaandikwa na kile alichotoa, hakuna orodha ya majina itakayotoka kwenye kamati bila mkutano kukubali, na sanduku litakuwa na funguo mbili, ya pili ikae kwa mzazi asiye mwalimu.

Tulipiga kura mmoja mmoja, nyuma ya ubao uliogeuzwa. Harage moja kwa ajili yangu, punje ya mahindi kwa ajili yake, kusudi hata asiyejua kusoma apige kura yake peke yake bila msaidizi. Ndoo moja ni ya kura, nyingine ni ya punje usiyoitumia. Karani alihesabu mbele ya wote. Maharagwe 63, mahindi 51. Mara ya kwanza nilikuwa nimewekwa kwa makofi ya wote. Safari hii watu 51 walisema hapana, na ninajua kwa nini.

Mlangoni, karibu pale pale aliponipa 1.000 yake, Mama Riziki alinisubiri. Sikujua kwamba alikuwamo. Alisema: “Mwalimu, nisikufiche. Mimi nilitia mahindi.”

Nikamjibu: “Asante kwa kuniambia, mama.”

“Lakini Jumatatu namleta mtoto. Na mkutano mwingine nitakuja.”

Alimleta. Mkurugenzi alimpokea bila maneno mengi, namshukuru kwa hilo. Riziki wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, akaketi darasa la nne, pale alipoachia, pamoja na watoto aliowapita kwa kichwa kizima. Wenzake aliokuwa nao walikuwa darasa la sita, wakijiandaa kwa mtihani wa taifa. Jambo hilo siwezi kulirudisha, hata nikichaguliwa mara kumi. Jioni mbili kwa wiki alikuwa akija kwangu tukifanya hesabu za kugawa. Hapendi hesabu sana. Anapenda kusoma kwa sauti.

Ninawaandikia haya si kusudi mnionee huruma. Ninaandika kwa sababu karibu kila mama anayesoma ukurasa huu ana mtoto katika shule yenye kamati, na wengi wetu hatujawahi kukanyaga mkutano wake. Tunasema tuna soko, tuna shamba, tuna mgonjwa. Ni kweli. Lakini pesa yetu inakwenda kule hata sisi tusipokwenda, na majina yetu yanaandikwa kule hata sisi tusipokuwepo.

Kwa hiyo nawaomba. Mkutano ukitangazwa, nendeni wawili wawili kama mnavyokwenda kwenye likirimba. Mkitoa kitu, ombeni kiandikwe mbele ya macho yenu, na mtazame kimeandikwa safu gani. Hesabu ikisomwa kwa lugha msiyosikia, inueni mkono mseme: rudia kwa Kiswahili. Mkisikia mtoto amefukuzwa shule ya msingi ya umma kwa sababu ya pesa, msikae na aibu nyumbani. Aibu hiyo si yenu, kifungu cha 43 kiko upande wenu. Na viti vya kamati vikiwa wazi, simameni. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 14, inatupa sisi wanawake haki ya kuwa mahali maamuzi yanapofanyika, lakini kifungu hakitembei na miguu, mtu ndiye anayetembea.

Na kwa wale ambao mmekwisha kuchaguliwa, katika kamati ya shule, ya kanisa, ya soko ama ya muungano wetu huu, nawapa shauri moja tu. Kabla ya kuomba kura mara ya pili, piteni jina kwa jina. Ulizeni ni nani hakurudi. Mkimpata, nendeni kwake kwanza, ndipo mwende kwenye mkutano.

Shuleni kwetu tulipanga kukutana tena Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza 2024, saa tatu asubuhi, juu ya mabenchi. Ufunguo wa pili wa sanduku uko kwa mama mmoja anayeuza mihogo pale Mulongwe. Hajui kusoma sana, lakini kuhesabu pesa anajua kuliko mimi.